Jina Moja kwa Jiwe Moja

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu katika Mkutano wa kuadhimisha miaka kumi



Halmashauri ilipotuagiza tuhutubie siku hii, wengi walidhani tutasoma hesabu za ufuta na mbaazi. Hesabu hizo zimechapwa katika kurasa za mwisho za kijitabu hiki, na kila mmoja atazisoma kwa nafasi yake. Sisi tumeomba ruhusa tuseme habari za mawe, na habari za watu wa mbali wanaoyapa mawe majina. Twaona baadhi yenu mmeanza kutazamana. Twawaomba subira kidogo, kwa kuwa mwisho wa maneno haya iko hoja mezani, nayo mtaipigia kura kabla ya chakula.

Wengi wenu mwaukumbuka mkasa wa mwaka wetu wa pili. Kimoja kati ya vyama vyetu viwili vya wachimbaji wadogo kilileta ofisini mfuko wa mawe ya kijani, mazuri, yenye kung'aa kama jani la mgomba baada ya mvua. Wachimbaji wenyewe waliyaita "grini". Nasi tukaandika "grini" katika daftari, tukagonga muhuri. Siku hizo masoko ya madini ya Serikali yalikuwa hayajafunguliwa, maana yalianza mwaka 2019. Basi tukamwendea dalali mmoja mjini. Akayamulika kwa kurunzi, akasema, "Hii tomalini," akataja bei. Tukapokea, kwa kuwa hatukuwa na neno la kumjibu. Hayakupita majuma matatu, chama cha pili kikauza mawe yaliyotoka katika mkondo ule ule wa mwamba, shimo likitazamana na shimo. Yao yaliandikwa "ganeti ya kijani", ndiyo ile wauza vito waiitayo tsavoraiti, na bei yake hatutaitaja hapa, tusije tukatonesha kidonda. Mawe yalikuwa yale yale, ila daftari mbili zilikuwa na majina mawili, na jina moja liligharimu watu ada za shule za mwaka mzima.

Lawama zikaja, nasi hatukuzikimbia. Walisema Katibu amekula. Hatukula kitu, tulikosa jina, na tulikosa njia ya kulithibitisha jina. Toka siku hiyo tumekuwa tukiuliza kila tunapopata mtu wa kumwuliza: ni nani duniani mwenye mamlaka ya kusema kwamba jiwe hili ni fulani wala si fulani? Elimu yetu iliishia kidato cha nne, na kemia tuliyosoma ilikuwa ya ubaoni. Hata hivyo tuliyoyakuta yalitushangaza, kwa sababu tulitazamia kumkuta mfalme au serikali, tukakuta ushirika.

Yafaa tuanze mbali kidogo. Vyama vya wataalamu wa madini ni vya zamani. Cha Urusi kiliundwa katika mji wa St. Petersburg mwaka 1817. Cha Uingereza mwaka 1876. Cha Ufaransa mwaka 1878. Cha Marekani mwaka 1919. Kila kimoja kilikuwa na jarida lake, lugha yake, na fahari yake. Mtaalamu wa nchi moja akiokota jiwe hulipa jina. Mwenziwe wa nchi ya pili, asiyesoma jarida la wa kwanza, hulipa jina jingine. Liko jiwe moja lenye umbo la kabari ambalo mwaka 1795 Mjerumani Klaproth aliliita titanaiti, na mwaka 1801 Mfaransa Haüy akaliita sfini, kwa neno la Kiyunani la hiyo kabari. Majina hayo mawili yalitembea pamoja katika vitabu kwa zaidi ya miaka 180, mpaka mwaka 1982 lilipochaguliwa la kwanza. Sisi tuliovumilia "grini" na "tomalini" kwa majuma matatu tu, twaweza kukadiria hasara ya miaka 180.

Mwaka 1958 wajumbe wa vyama hivyo walikutana Madrid, katika Hispania, wakaunda Jumuiya ya Kimataifa ya Elimu ya Madini. Sikilizeni hapa, maana hapa ndipo habari hii ilipotugusa. Wanachama wa Jumuiya hiyo si watu mmoja mmoja. Wanachama wake ni vyama: chama cha nchi hii na chama cha nchi ile. Leo ni takriban vyama 40. Kwa lugha yetu wana-ushirika, watu wale walianzisha chama kikuu, na vyama vyao vya nchi vikawa ndivyo vyama vya msingi. Walikuwa hawajatusikia sisi, wala sisi hatukuwa tumewasikia wao, lakini tulifika katika mlango mmoja.

Mwaka uliofuata, 1959, Jumuiya iliunda Tume ya kushughulikia madini mapya na majina ya madini. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa Michael Fleischer, Mmarekani, naye alikaa katika kiti hicho hata mwaka 1974. Mwaka 2006 Tume hiyo iliunganishwa na nyingine iliyokuwa ikipanga madini katika jamii zake, ikawa Tume moja, nayo ndiyo iliyopo hata sasa.

Kazi yake ni hii. Mtu akidhani amepata aina mpya ya madini, hana ruhusa ya kuitangaza. Kwanza huandika hati: jiwe limeundwa kwa vitu gani na kwa kadiri gani, chembe zake zimepangwaje ndani, rangi yake, ugumu wake, uzito wake, limepatikana mahali gani hasa, na jina gani analolipendekeza. Hati humwendea mwenyekiti, naye akiisha kuikagua huwapelekea wajumbe. Kila chama cha nchi hutoa mjumbe mmoja, iwe ni nchi yenye wataalamu elfu au yenye wataalamu ishirini. Kura haihesabiwi mpaka zaidi ya nusu ya wajumbe wawe wamepiga, na madini hayakubaliwi mpaka zaidi ya theluthi mbili ya waliopiga waseme ndiyo. Jina nalo hupigiwa kura yake peke yake, na hapo zaidi ya nusu yatosha. Mara nyingi wapiga kura hawajapata kuonana uso kwa uso na mwenye hati.

Yako mambo mengine katika kanuni zao ambayo tuliyasoma tukacheka kwa furaha, kwa jinsi yanavyomjua binadamu. Anayelieleza jiwe haruhusiwi kulipa jina lake mwenyewe. Akitaka kulipa jina la mtu aliye hai, sharti mtu huyo akubali. Kisha, kielelezo kile kile alichokipima hakibaki mfukoni mwake: hakina budi kuwekwa katika jumba la makumbusho, ili mwenye shaka akaliulize jiwe badala ya kumwuliza mwenye jiwe. Mweka hazina wetu, aliyeketi hapa kushoto kwetu, aliposikia kanuni hiyo alisema laiti ingalikuwako tangu mwaka wa pili. Nasi twasema vivyo hivyo.

Tulijiuliza: asiyetii hufanywa nini? Tume haina askari, haina mahakama, haina faini. Jibu tulilolipata ndilo lililotufanya tuombe kusema leo. Nguvu yote ya Tume imo katika ahadi waliyojifunga nayo wahariri wa majarida: jina lisilopita katika Tume hawalichapi. Mtu aweza kuliita jiwe lake atakavyo nyumbani kwake, lakini akienda kwa mhariri wa London hulikataliwa, na akienda kwa wa Marekani hulikataliwa vilevile. Yaani amri haikai makao makuu. Inakaa mlangoni pa kila mwanachama, na siku mwanachama mmoja atakapofungua mlango wa nyuma, kazi ya wote imeharibika.

Wala msidhani walioahidiana walikuwa marafiki. Miaka ile Marekani na Urusi ya Kisovieti zilikuwa zimeelekezeana mabomu, na mtaalamu wa upande mmoja aliyetaka kumtembelea wa upande wa pili alihitaji vibali vya watu wengi wasiojua kitu juu ya mawe. Ndani ya miaka hiyo hiyo hati zilivuka mipaka, na kura zikarudi. Mwaka 1978 mkutano mkuu wa Jumuiya ulifanyika Novosibirsk, katika Siberia. Mwaka 1986 ukafanyika Stanford, katika Marekani. Wakubwa wao walikuwa hawajapatana juu ya mambo mengi, na huku wao wamepatana jiwe gani liitweje.

Kazi haikuwa kuongeza majina tu. Liko kundi la madini liitwalo pairoksini, lililojaa katika miamba ya volkeno. Wataalamu wa nchi mbalimbali walikuwa wamelilimbikizia majina kwa karne mbili. Mwaka 1988 Tume ilitoa hukumu: majina 20 yakabaki, na majina 105 yakaondolewa. Fikirini basi, ndugu zangu, nyuma ya kila jina kati ya hayo 105 palikuwa na mtu aliyelipenda, pengine na kijiji kilicholionea fahari. Walikubali. Yamkini wako walionung'unika, na sisi tungalinung'unika.

Sasa tuje kwetu. Mirerani, katika Wilaya ya Simanjiro, mwaiona njiani mwendapo Arusha, na wageni huiandika Merelani. Mwaka 1967 yalivumbuliwa pale mawe ya buluu ambayo dunia nzima yayajua kwa jina la tanzanaiti. Jina hilo ni zuri, nalo limebeba jina la nchi yetu hata madirishani mwa maduka ya Ulaya. Lakini halikutoka katika Tume. Lilitolewa mwaka 1968 na duka la vito la Tiffany la New York. Katika daftari la Tume jiwe hilo ni zoisaiti, lililoitwa hivyo tangu mwaka 1805 kwa heshima ya Zois, bwana mmoja wa Slovenia, na ubuluu wake watokana na vanadiamu kidogo iliyochanganyika ndani. Kadhalika tsavoraiti yetu ya mkasa: jina hilo ni la dukani, la mwaka 1974; jina lake la kitaalamu ni grosula, mmoja wa ukoo wa ganeti. Hatusemi majina ya dukani ni mabaya. Hatuoni haya kukiri kwamba jina la dukani limeuza kuliko la wataalamu. Tusemalo ni kwamba auzaye ni lazima ayajue yote mawili, asije akapewa la tatu na dalali.

Mirerani hiyo hiyo imetoa jina ambalo kweli limepita katika Tume. Pamoja na tanzanaiti huonekana pengine nyuzi nyembamba za rangi ya kijivu iliyokoza, urefu wake milimita chache. Kwa miaka watu walizichukulia kuwa molibdenaiti, kitu kinachojulikana, wakazipita. Wataalamu wa Michigan katika Marekani, wa London, na wa Florence katika Italia walizitazama pamoja, wakakuta kwamba kila uzi ni matabaka membamba mno ya madini yaliyoviringwa kama mkeka uliokunjwa, ndani yake mna molibdenamu, risasi, vanadiamu, antimoni na salfa. Hati yao ilikuwa namba 42 ya mwaka 2016, nayo ilipita. Jina walilolichagua ni merelanaiti, kwa heshima ya wachimbaji wa vilima vile. Halikuchukuliwa jina la mwenye kampuni wala la mtaalamu. Lilichukuliwa la mahali ambapo watu kama ninyi hushuka na kamba.

Iko na habari ya kale zaidi. Mlima Oldoinyo Lengai, ule Wamaasai wauitao Mlima wa Mungu, hutoa lava isiyo na mfano wake duniani leo: hutoka nyeusi, haifikii moto wa lava ya kawaida hata kwa nusu hivi, na ikipigwa na unyevu hugeuka nyeupe. Mtaalamu J. B. Dawson aliiandika habari yake mwaka 1962. Ndani yake yalikuwamo madini mapya, na mwaka 1963 yalipewa jina la nyerereaiti, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Rais wa Tanganyika. Jiwe hilo halivumilii hewa yenye maji. Kielelezo chake kikiachwa wazi huharibika. Anayetaka kulihifadhi jina la Mwalimu katika kabati hana budi kulifunga vizuri. Na jirani zetu wa Kenya nao wamo: mwaka 1967 matope ya Ziwa Magadi yalitoa magadiaiti na kenyaiti.

Hapa hatuna budi kusema neno lisilopendeza. Majina hayo yote ni ya kwetu, lakini mikono iliyoandika hati si ya kwetu. Jumuiya ina takriban vyama 40, na vya bara la Afrika ni vichache mno. Mkutano mkuu ulipofanyika Johannesburg mwaka 2014 ulikuja karibu na machimbo yetu kuliko kawaida yake, kisha ukaenda zake Melbourne mwaka 2018 na Lyon mwaka 2022. Hakuna aliyetufukuza mlangoni. Ila mwenye kutoa mjumbe ni chama, na pasipo chama hapana mjumbe. Wazee wetu wa kahawa wa Kilimanjaro walilijua hilo tangu mwaka 1925 walipoanza kuungana, na mwaka 1933 walipounda chama chao kikuu. Kijana wa kike au wa kiume wa wanachama hawa, anayesoma jiolojia leo Dar es Salaam au Dodoma, na alisikie.

Mwenyekiti, twarudi nyumbani. Hoja iliyo mezani yataka vyama vyetu viwili vya wachimbaji viwe na daftari moja la majina, lililoandikwa kwa kufuata orodha ya Tume, na majina ya dukani pembeni yake. Yataka pia sanduku moja la vielelezo hapa ofisini, chini ya funguo mbili, kila chama na wake. Jiwe lisilojulikana lisiuzwe mpaka lilinganishwe na sanduku, na likishindikana lipelekwe kwa Taasisi ya Jiolojia ya Serikali, Dodoma, kwa jina la Chama Kikuu na kwa gharama ya wote.

Tumesikia upinzani, nao ni wa haki kusikilizwa. Wajumbe wa chama cha pili, wale waliouza vizuri mwaka ule, wamesema: jina letu ni mali yetu, wanunuzi wanatujua, kwa nini tuwape wengine? Jibu letu si la maneno matamu. Mwaka juzi ninyi wenyewe mliuza tomalini halisi kwa jina la ganeti, bila kujua, na mnunuzi alirudi na mzigo. Toka hapo hata ganeti yenu safi huulizwa maswali. Jina mlilolilinda peke yenu lilichafuka peke yenu, na hapakuwa na mtu wa kusimama nanyi kushuhudia kwamba lilikuwa kosa wala si hila.

Wengine wamesema daftari ni kazi ya wasomi na mitambo ya fedha nyingi. Kwa kutaja madini mapya, ni kweli. Kwa mawe yetu ya kila siku, si kweli. Mizani ndogo ya duka na sinia la maji vyatosha kutenga tomalini na ganeti ya kijani. Jiwe safi, lisilo na mwamba ulioganda juu yake, hupimwa likiwa kavu, kisha hupimwa likining'inia kwa uzi ndani ya maji. Tuseme likiwa kavu lina gramu 18. Likiwa ganeti, ndani ya maji litasoma gramu 13, maana limepoteza 5, na 18 ukiigawa kwa 5 wapata 3.6, ndio uzito wa ganeti hiyo kulinganisha na maji. Likiwa tomalini litapoteza karibu 6, na jibu litakuwa 3 na kidogo. Ligeuze pia mbele ya mwanga: tomalini aghalabu huonyesha rangi mbili kwa pande mbili, ganeti hubaki na ile ile. Mama mmoja wa chama cha ufuta alijifunza jambo hili ofisini kwetu asubuhi moja, na jioni yake akamsahihisha Katibu.

Gharama ya mizani, sanduku na kufuli imeandikwa katika karatasi mliyogawiwa. Kubadili jina lolote daftarini kutahitaji theluthi mbili ya wajumbe wa vyama vyote, wakiwamo wa ufuta na mbaazi, ambao hawana jiwe la kuuza na kwa hiyo hawana sababu ya kupendelea. Hilo tumeliiga kwa Tume, nasi hatulifichi.

Mizani iko pale mezani, kando ya sinia. Wajumbe wa vyama vyote viwili wamekuja na mawe mifukoni, twawaona wakiyashikashika tangu tulipoanza kusema. Mwenyekiti, twaomba mawe hayo yaletwe mbele na kupimwa sasa hivi, Mkutano ukitazama, ndipo kura ipigwe.